Dar hadi Matema: barabara hii msiikimbize

Ndugu Mhariri,

Likizo ikikaribia, kurasa za utalii hujaa Serengeti, Ngorongoro na Zanzibar. Hatuna ugomvi nazo. Ila wako wasomaji wako wengi wenye gari dogo, wiki moja ya mapumziko na rafiki mmoja wa kuaminika, ambao wangeweza kuiona nchi ikibadilika sura kuanzia pwani hadi nyanda za baridi na kushuka tena hadi ziwani, bila kupanda ndege. Hawafanyi hivyo kwa sababu barabara ya TANZAM, ile ya Dar hadi Zambia, wanaijua kama njia ya kuwahi msiba au harusi. Mtu anatoka Dar usiku, anafika Mbeya miguu imekufa ganzi, na alichokiona njiani ni makalio ya malori. Tunaomba nafasi tueleze namna ya kuiendea polepole watu wawili, kutoka Dar es Salaam hadi Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Ni karibu kilomita 1,000 kwenda tu, na inataka siku tano, si moja.

Tunasema wawili makusudi. Mmoja huchoka na hana wa kumwangalizia nyuma. Wanne wakiwa garini kila kituo kinakuwa kikao. Wawili wenye leseni hai hupokezana usukani kila baada ya saa mbili au kilomita 150, kipi kitangulie, hata kama aliyeshika anadai bado ana nguvu. Anayedai hivyo mara nyingi ndiye aliyeanza kusinzia. Kabla ya hapo someni bima ya gari, maana zipo zinazomtambua dereva mmoja tu.

Asiyeendesha ni utingo, na utingo halali wala hachezei simu. Anashika maji, anashika ramani iliyopakuliwa mapema kwa ajili ya sehemu zisizo na mtandao, anaandika matumizi, na anavitaja kwa sauti vibao vya 50 pamoja na kibao kinachomaliza 50, kwa kuwa tochi ya trafiki hupenda kukaa katikati ya hivyo viwili. Jambo moja amekatazwa kabisa: kusema "pita". Gari zetu zina usukani kulia na tunaendesha kushoto. Aliyekaa kushoto anaona majani ya kando, haoni upande wanakotokea wenzetu. Kuovateki ni uamuzi wa mwenye usukani peke yake, na utingo mzuri hamharakishi.

Fedha zikae mfuko mmoja, kila mtu aweke kiasi sawa siku ya kuondoka, na mafuta, chakula na vibali vyote vilipwe humo. Urafiki mwingi wa safari huvunjikia kwenye "nitakurudishia". Hesabu ya mafuta si ngumu. Gari linalokwenda kilomita 12 kwa lita linakula lita 83 hivi hadi Matema. Kwenda na kurudi pamoja na michepuko, tuseme kilomita 2,300, wekeni lita 190. Bei kikomo hutangazwa na EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta, Jumatano ya kwanza ya kila mwezi na hupanda kadiri unavyoiacha bandari, kwa hiyo jazeni tangi Dar. Mengine kubalianeni kabla ya kuwasha gari: saa ya kuondoka, nani anachagua muziki (tunapendekeza awe dereva), na kwamba yeyote akisema "simama" gari linasimama mahali salama pa kwanza bila kuulizwa sababu.

Gari likaguliwe wiki moja kabla. Lisikaguliwe jana yake jioni, maana fundi akigundua tatizo saa mbili usiku mtaondoka nalo hivyo hivyo. Anzeni na matairi. Ubavuni mna tarakimu nne: 3219 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 32 ya mwaka 2019. Tairi la zaidi ya miaka sita, hata kama kashata zake bado nene, mpira wake umekauka, na kwenye lami ya moto ya Chalinze au bonde la Ruaha ndiyo hupasuka. Upepo pimeni asubuhi tairi likiwa baridi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, na tairi la spea lipimwe pia. Spea isiyo na upepo ni mzigo tu. Hakikisheni wili spana inakaa kwenye nati zenu na kwamba jeki inainuka. Mwambieni fundi aangalie feni, mkanda wake, mipira ya rejeta na unene wa pedi za breki. Ulizeni mafuta ya breki yalibadilishwa lini. Yakipita miaka miwili huwa yamekwisha kunyonya unyevu wa hewa, na breki zikipata moto unyevu huo unachemka kuwa mapovu, pedali inazama hadi chini na gari halisimami. Rejeta iwe na kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi. Maji matupu huchemka mapema na hula chuma kwa ndani. Pembetatu mbili za kuakisi mwanga na kizimamoto kilicho hai viwemo, pamoja na lita kumi za maji ya kunywa ambazo hazitaguswa ovyo. Sababu ya hizo lita kumi iko kwenye mlima wa Kitonga, mtaupanda siku ya pili.

Siku ya kwanza tokeni saa kumi na moja alfajiri ili Kibaha na Mlandizi ziwe nyuma yenu kabla foleni haijashika. Hadi Chalinze hakuna mengi ya kutazama, na waliotaka kuona wataanza kuona milima ya Uluguru ikipanda upande wa kushoto Morogoro inapokaribia. Kunyweni chai Morogoro, nyosheni miguu, muendelee. Mnalala Mikumi mjini, yapata kilomita 310 kutoka Dar. Mtu atasema mbona karibu hivyo. Ndiyo shabaha yenyewe.

Maana kabla ya Mikumi mjini barabara inakata Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1964. Kupita barabara kuu hakulipiwi. Mkitaka kuingia njia za ndani mnalipia getini, kwa kadi au kontroo namba, kwa hiyo simu iwe na salio. Ila hata kwenye lami pekee, mkipita saa kumi alasiri hadi kumi na mbili jioni mtawakuta twiga, swala, pundamilia na nyati karibu na barabara. Fuateni mwendo wa vibao, kuna matuta na rasta, na anayegonga mnyama hupigwa faini kwa kichwa cha mnyama. Msifuate lori kwa karibu, kwa sababu dereva wa lori akiona kitu hushika breki bila kuonya. Tembo wakivuka simameni mbali, mita 50 au zaidi, injini ikiwaka, bila honi. Na wakishavuka msikimbilie kuondoka, mara nyingi yupo mmoja aliyebaki vichakani akiwa na mtoto, naye hapendi kutenganishwa na wenzake. Nyani wakija dirishani, pandisheni vioo. Anayewarushia ndizi anamfundisha nyani kusubiri magari barabarani, na mwisho wa nyani huyo unaonekana pale pale kwenye lami.

Siku ya pili ondokeni saa moja asubuhi, wala msichelewe. Baada ya Mikumi barabara inapanda na kushuka kwenye vilima, kisha inafuata bonde la Mto Ruaha Mkuu ambako mibuyu imeshika miteremko yote miwili kwa kilomita nyingi. Hapa ndipo pa kwenda taratibu. Kuanzia Juni hadi Oktoba mibuyu haina majani na unaona umbo lote la matawi. Mvua zikikaribia huanza kuchipua na kutoa maua meupe yanayofunguka usiku. Nani kaupanga mteremko ule hatujui, lakini mpiga picha anayepita pale saa tatu asubuhi jua likiwa bado chini hatajuta. Ruaha Mbuyuni ni joto, ni vitunguu kwenye nyavu nyekundu kandokando ya barabara, na ni mahali pa kujaza maji. Vitunguu msinunue sasa. Mtapita tena mkirudi, na siku nne ndani ya buti lenye joto zinatosha kuvichipusha.

Kutoka hapo ni Kitonga. Gari linatoka bondeni na kupandishwa ukuta wa milima kwa kona zinazofuatana, ukuta upande mmoja na korongo upande wa pili. Malori ya kwenda Zambia na Kongo hupanda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Sheria ya kwanza ya Kitonga ni kutokuwa na haraka. Kaeni nyuma ya lori, mkiacha nafasi ya gari mbili hadi tatu kwa sababu lori lililoshindwa mlima hurudi nyuma kidogo kabla breki hazijashika. Mkiona matawi mabichi yamelazwa barabarani, hayo ni maonyo: mbele kuna gari bovu, pengine limesimama kwenye kona yenyewe. Taa ya kulia ya lori lililo mbele huwa inakuambia usipite, ya kushoto kwamba pako wazi. Ni desturi ya madereva, si sheria, na wakati mwingine ni mtu tu anayekata kona. Msiweke roho zenu kwenye taa ya mtu mwingine.

Injini ndiyo inayoteswa hapa. Mshale wa joto ukianza kupanda zimeni kiyoyozi, shukeni gia moja ili pampu ya maji na feni vizunguke kasi zaidi, fungueni vioo na kuwasha hita kwa nguvu zote. Mtatoka jasho, lakini hita ni rejeta ndogo ya pili na inatoa joto kwenye injini. Mshale ukigusa nyekundu wekeni gari pembeni palipo wazi, taa za hadhari, pembetatu nyuma yenu kabla ya kona, si baada yake. Kifuniko cha rejeta hakifunguliwi kabla ya nusu saa au dakika 45. Kikifunguliwa mapema maji yaliyo kwenye shinikizo huruka na kumbabua mtu uso. Wala msimwagie injini ya moto maji ya baridi, silinda hedi hupasuka na safari inaishia gereji ya Iringa. Lori likilala kwenye kona, Kitonga yote hufunga, saa mbili, wakati mwingine nusu siku. Ndiyo maana tukasema ondokeni asubuhi na mbebe lita kumi. Kulalia kwenye ule mteremko gizani hakufai kwa lolote.

Juu ya Kitonga hewa ni nyingine. Ilula kuna nyanya, na kilomita chache kabla ya Iringa kuna mnara wa Lugalo, mahali Wahehe walipowapiga Wajerumani tarehe 17 Agosti 1891. Wengi hupita wakitafuta kibao cha sheli. Lala Iringa usiku wa pili na wa tatu. Mji uko mita zipatazo 1,600 juu ya bahari, na mtaiona tofauti kwenye pakiti ya krispi mliyonunua Dar: imevimba, iko tayari kupasuka. Chupa za losheni zifungueni taratibu.

Siku ya tatu gari linapumzika kidogo. Isimila iko kilomita 20 hivi kutoka mjini, kwenye barabara ya Mbeya. Ni korongo lenye nguzo za mchanga zilizochongwa na maji, na bonde lake limetoa zana za mawe za watu wa kale zilizochimbuliwa mwaka 1957 na 1958. Nendeni saa mbili asubuhi, kwa viatu vyenye meno, kwa sababu njia ya kushuka huteleza na ikinyesha kijito cha chini hujaa. Mchana kule ndani hakuna kivuli cha maana. Alasiri kaoneni Kalenga, kwenye makumbusho yenye fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, aliyejipiga risasi mwaka 1898. Kurudishwa kwa fuvu hilo kuliandikwa kwenye Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, likarudi mwaka 1954. Jioni mtauziwa ulanzi, pombe ya mianzi, ikiwa ni msimu wa mvua. Anayeendesha kesho asubuhi asizidishe, na msibebe ulanzi kwenye chupa iliyofungwa kabisa. Unaendelea kuchacha, ukitikiswa na joto ukaongezeka kizibo kinaruka na gari litanuka wiki mbili. Legezeni kizibo, chupa isimame wima.

Siku ya nne ndiyo ndefu, kilomita zipatazo 390 hadi Tukuyu, kwa hiyo tokeni saa kumi na mbili. Misitu ya misonobari ya Sao Hill pale Mafinga, kisha Makambako na upepo wake. Kati ya Juni na Agosti vaeni sweta nzito, koti liwe kiti cha nyuma na si chini ya mizigo. Makambako ndipo barabara ya Njombe na Songea inapochepuka. Baadaye mnashuka kwenye tambarare za Usangu, mchele, ng'ombe na jua. Mwenye siku ya ziada aikate Chimala kwenda Matamba, barabara yenye kona 57, hadi Hifadhi ya Kitulo ambayo wenyeji huiita Bustani ya Mungu. Maua ni Desemba hadi Aprili, lakini miezi hiyo ndiyo ya tope, na gari la chini lisilovuta kwa magurudumu yote manne liachwe Chimala mpande kwa usafiri wa wenyeji.

Pale Uyole mnaiacha barabara ya Zambia na kukata kushoto. Hapa tunaomba dereva asikie vizuri, kwa kuwa kila mtu huonywa kuhusu Kitonga na hakuna anayeonywa kuhusu kipande hiki. Barabara inapanda hadi Isongole, juu ya mita 2,000, kando ya Mlima Rungwe wenye mita 2,960. Injini isiyo na tabo hupoteza takribani asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000, kwa hiyo gari lililoovateki vizuri Chalinze hapa limebakiwa na nguvu pungufu kwa moja ya tano. Nafasi mliyoizoea haitoshi. Kisha inaanza kushuka kupitia mashamba ya chai, migomba na kakao, mpaka ziwani ambako ni chini ya mita 500. Ni mteremko mrefu, na wasiojua huushuka wakikanyaga breki mwanzo mwisho. Pedi zinaungua, harufu inaingia ndani, pedali inalainika.

Gia inayokupandisha mlima ndiyo inayokushusha. Gari la manyuo likae gia ya tatu au ya pili. La otomatiki zimeni O/D (ovadraivu, gia ya juu kabisa), au wekeni 2 au L, na mlio wa injini kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika usiwatishe. Breki kanyageni kwa nguvu ya kutosha kwa muda mfupi, kisha achieni zipoe, msiegemeze mguu. Wapo wanaoweka gia huru wakidhani wanaokoa mafuta. Hawaokoi. Injini za sasa hukata mafuta kabisa gari likiteremka ndani ya gia, ila gari likiwa huru injini lazima inywe ili isizime. Wanapoteza breki ya injini na mafuta kwa pamoja. Ukungu ukishuka Isongole washeni taa za chini. Taa kubwa hurudisha mwanga machoni.

Tukuyu hunyesha karibu mwaka mzima, na mwavuli una kazi kuliko kamera. Laleni hapo, na asubuhi ya siku ya tano mchague kimoja: Ziwa Ngosi, lililo ndani ya shimo la volkano na linalofikiwa kwa mguu kupitia msitu mkiwa na mwenyeji wa kuwaongoza, au Daraja la Mungu, ambalo ni mwamba wa volkano uliovuka Mto Kiwira wenyewe. Vyote viwili siku moja ni kujichosha. Matema mnaifikia kwa kukata Kikusya na kupita Ipinda. Jazeni mafuta na toeni fedha taslimu kabla ya kuchepuka.

Milima ya Livingstone inashukia majini moja kwa moja, na samaki mbasa wa kuchoma na wali wa Kyela vinajieleza vyenyewe. Ogeleeni kwenye mchanga wazi, mbali na matete na maji yaliyotuama, kwa sababu ya kichocho, na waulizeni wavuvi habari za mamba kabla ya kuingia. Lala ndani ya chandarua, ni nchi ya malaria. Mkikodi mtumbwi iwe asubuhi, kwa kuwa miezi ya Juni hadi Agosti upepo wa kusini huamka mchana na ziwa hili lina mawimbi kama bahari. Pangeni kufika Ijumaa. Jumamosi kuna gulio la Lyulilo, ambako wanawake wa Kikisi huleta vyungu kutoka Ikombe kwa mitumbwi. Chungu pigeni konzi kwa kidole: kinachotoa mlio safi ni kizima, kinachotoa mlio wa kukwama kina ufa. Kijazeni majani makavu ndani na nje, kikae sakafuni nyuma ya kiti, si kwenye buti pamoja na jeki.

Kurudi, kanuni ya gia mnaijua, ila safari hii Kitonga ndiyo mteremko, na malori yaliyo nyuma yenu ndiyo yenye breki za kushuku. Mkinusa breki zinazoungua ambazo si zenu, ingieni pembeni palipo wazi mliache lori lipite.

Na hapo ndipo lilipo ombi letu kwa wahusika wa barabara, kupitia gazeti lako. Sehemu za kujitenga kando kwenye Kitonga na kati ya Isongole na Tukuyu ni chache mno. Gari lenye moto, lori lenye breki mbovu na mtu anayetaka tu kutazama bonde kwa dakika tano wote wanagombea ukingo ule ule. Nafasi za mita 40 au 50 zilizomwagiwa kokoto, zikiwa na kibao cha onyo mita 300 kabla yake, zingetosha kwa kuanzia. Nawe Mhariri, ukipata nafasi kabla ya likizo ya Juni, tuchapie jedwali dogo la umbali kati ya miji hii, litakalokatwa na kubandikwa kwenye dashibodi.

Wasomaji wako wa barabara ya kusini,
Iringa